Dawa Nne za Mzee Ochoki

Mokeira alikuwa mtu wa kuamka amechoka. Si kwamba hakulala. Alilala, tena fofofo, lakini uchovu wake ulikuwa kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili kisha akaamua kuhamia. Alfajiri aliwasha moto, akakamua ng'ombe, akapeleka uji wa wimbi mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ya baba mkwe wake, halafu akakimbilia kuchuma chai kabla jua halijawa kali. Mchana alipanda kilima na kikapu mgongoni kwenda kituo cha kuuzia majani. Jioni ilikuwa zamu ya kuni, maji, mboga, ugali, na ng'ombe tena, maana ng'ombe hajui kwamba mtu ana mgongo.

Mumewe, Duke, alikuwa fundi wa magari Nakuru. Alikuja nyumbani Krismasi na siku za mazishi. Mama mkwe alikuwa kaburini nyuma ya nyumba, chini ya maua aliyoyapanda mwenyewe. Binti wa pekee wa Mokeira na Duke, Cynthia, alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo katika boma lile juu ya Nyamira walibaki watu wawili, Mokeira na Mzee Ochoki, na hao wawili ndio hasa waliopaswa kuzungumza kidogo kuliko watu wote duniani.

Sababu ni chinsoni, heshima ya Wagusii yenye haya ndani yake. Mkwe na baba mkwe hawashikani mikono. Mzee hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe, na mke wa mwana hakanyagi chumba anacholala mzee wala hagusi matandiko yake. Mambo ya mwili, hasa yale ya kuanzia kiunoni kwenda chini, hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Mjukuu anaweza kumtania babu yake mpaka babu akohoe kwa kicheko, lakini mkwe hata salamu anaitoa akiangalia pembeni. Ni mila nzuri, imetunza heshima ya nyumba nyingi. Tatizo ni kwamba walioiweka walikuwa na maboma yaliyojaa watu: wake, dada, na wajukuu wa kutumwa huku na huku. Hawakumfikiria Mokeira, aliyeachiwa mzee mmoja na mteremko mzima wa chai.

Mwaka ule mguu wa mzee ulivimba ukawa mgumu kama gogo. Hospitali mjini Nyamira wakasema damu imeganda ndani ya mshipa, wakampa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Aliyempa alikuwa daktari kijana, Millicent Aloo, mzaliwa wa kando ya ziwa. Ekegusii, lugha ya Wagusii, hakukijua zaidi ya salamu, kwa hiyo yote yalisemwa kwa Kiswahili.

"Mzee, hii dawa haitaki mchezo," Millicent alimwambia. "Ikizidi, damu inatoka. Ikipungua, damu inaganda tena. Usikunywe dawa ingine yoyote bila kuniambia. Hata ya miti. Hata ile wanauza kanisani."

"Nimesikia," mzee akasema.

Naye alisikia kweli. Ila kwa Mzee Ochoki, dawa ilikuwa kile kitu cheupe kinachotoka hospitalini kwenye bahasha ndogo. Vitu vya miti havikuwa dawa, vilikuwa chakula chenye uchungu. Na Mokeira, aliyekuwa amesimama karibu na mlango akisoma bango la chanjo kwa mara ya tatu ili asisikie habari za mwili wa baba mkwe, alielewa vivyo hivyo.

Wa kwanza kuongeza alikuwa Orpah, dada wa kanisani. Orpah aliuza vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi vilivyokamuliwa mpaka kiini, vya kusafisha mishipa. Hakuuza siku ya Sabato, hapana, aliogopa Mungu. Sabato alitangaza tu nje ya kanisa, na Jumapili asubuhi akapita nyumba kwa nyumba.

"Dada, unavyohangaika na huyo mzee," Orpah alisema, akimtazama Mokeira kwa huruma ya kweli. "Mpe hivi viwili kila asubuhi. Ni vitu vya jikoni tu. Akipata nguvu, na wewe utapumzika."

Angesema kitu kingine chochote, Mokeira angekataa. Lakini neno hilo la kupumzika lilimwingia. Tangu siku hiyo akawa anaweka vidonge vya Orpah kwenye kisosi kimoja na vya hospitali, kando ya kikombe cha uji.

Wa pili alikuwa Duke mwenyewe. Mwana aliye mbali hutibu dhamiri yake kwa vifurushi. Alituma kopo la vidonge vya majani ya mti fulani wa Kichina, vya kufungua damu iende kichwani, kwa sababu alipopiga simu mzee alikuwa amesahau jina la mbwa. Kopo lilimfikia mzee moja kwa moja kwa mkono wa jirani aliyetoka Nakuru, naye akaliweka chumbani. Mokeira hakuliona, na Duke hakumwambia.

Wa tatu alikuwa Angwenyi, rika la mzee, kiziwi wa sikio moja na nusu. Huyu alikuwa na mtu wake wa mizizi soko la Mosocho. Siku moja alikuja na chupa ya soda iliyojaa maji ya kahawia, wakaketi na mzee nje ya nyumba, na kwa kuwa Angwenyi hakuisikia sauti yake mwenyewe, alidhani wengine pia hawamsikii.

"Hii ni ya mkojo!" akanguruma. "Ule wako wa kukatika katika! Kunywa kikombe asubuhi na jioni, utakojoa kama kijana!"

Jikoni, Mokeira alidondosha mwiko. Alisikia kila neno, na kwa chinsoni alikuwa hajasikia hata moja. Mzee naye alijua kwamba amesikia. Kuanzia hapo chupa ikawa inaning'inia kwenye paa la ghala, nyuma ya vikapu, nao wawili wakawa wanapita chini yake kila siku wakiwa vipofu.

Waswahili wa pwani husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Huku milimani hatuna chombo wala nahodha, lakini tulikuwa na mzee mmoja na watu wanne wanaomtibu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Dalili zilikuja polepole, kwa adabu. Kwanza pua ilitoka damu kidogo wakati wa uji, mzee akasema ni jua. Halafu Mokeira akaona mkono wake una doa la bluu, kubwa kama jani la boga, na mzee akasema amegonga mlango. Huo mlango basi ulikuwa na mikono. Kisha asubuhi moja, Mokeira alipokwenda kukata majani ya kumpa ng'ombe, aliona wekundu kwenye majani makavu ya mgomba, pale nyuma ya ghala ambapo mzee huenda kujisaidia akiona choo ni mbali.

Alisimama hapo na panga mkononi. Alijua ni nini. Alijua pia kwamba hapo mahali hakupaswa hata kupajua. Akafunika yale majani kwa majani mengine, akakata yake, akaenda kukamua. Siku nzima chai ilimpita mikononi bila kuiona, na kwenye mizani mpimaji akamwambia majani yake yamejaa vijiti.

Alimpigia Duke.

"Ongea na baba yako. Anatoka damu pale... anatoka damu."

"Wapi?"

"Duke, wewe ni mtoto wake. Muulize."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za nyundo. Duke naye alikuwa na chinsoni yake, maana kati ya baba na mwana ipo, tena nzito.

"Nitampigia," akasema.

Alimpigia kweli. Mokeira alimwona mzee akiwa na simu sikioni pale uani, akiongea kwa muda mrefu. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya bei ya mbolea na yule mbwa, ambaye jina lake sasa mzee alilikumbuka, na Duke akafurahi kwamba vidonge vinafanya kazi. Mokeira alipomuuliza jioni, Duke alisema, "Anasikika vizuri tu." Mokeira alikata simu. Alikuwa na hasira, lakini hasira nayo hutaka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Akasonga ugali.

Sabato iliyofuata mzee hakuenda kanisani. Mokeira alipopeleka uji alimkuta amekaa kizingitini, uso umekuwa wa majivu, shati limelowa damu ya pua isiyokoma. Alijaribu kusimama ili aingie ndani asionwe, magoti yakakataa. Mokeira alimshika kabla hajaanguka. Alimshika kwa mikono miwili, kifuani, yeye ambaye tangu aolewe hakuwahi kumgusa hata kidole. Mzee alisema kwa sauti ndogo, "Niache, mama." Hakumwacha. Akaita majirani, wakapata gari.

Millicent ndiye aliyekuwa zamu. Alimtazama mzee kope, akamtazama ufizi, akatoa damu ya kupima, akaanza kuuliza huku akiwa tayari na wasiwasi.

"Mzee, umekunywa dawa vile nilikuambia?"

"Ndio."

"Hukuongeza?"

"Hapana."

"Kuna ingine unakunywa? Ya miti, ya duka?"

Mzee alitazama viatu vya Mokeira. "Hakuna."

"Mkojo iko sawa?"

"Iko sawa."

Mokeira aliinuka. Swali la namna hiyo likiulizwa, mkwe mwenye adabu hutoka nje. Akafika mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa. Angetoka, hakuna mtu angemlaumu. Lakini alijua kwamba hata akitoka mzee hatasema. Huyu daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko mkwe wake, na mzee angekufa na siri yake, akazikwa nayo kwa heshima zote, na watu wangesema alikuwa mtu wa adabu. Mficha uchi hazai, wanasema. Huyu alikuwa ameshazaa, sasa alikuwa anaficha ili afe.

Mokeira akageuka. Na hapo lilitokea jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitegemea. Kwa Ekegusii asingeweza. Kwa Ekegusii, neno lile lingekuwa na mama yake ndani yake, na bibi yake, na wanawake wote waliomfundisha kuangalia pembeni, ulimi ungekauka. Lakini mbele yake alikuwa mtu wa Kiswahili, na Kiswahili cha Mokeira kilikuwa kile cha darasani na cha ofisi, ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha aibu kwacho.

"Daktari, anakojoa damu," akasema. "Mkojo inakatika, ni muda sasa. Anakunywa dawa ya mizizi kwa chupa, asubuhi na jioni. Na mimi nampatia vidonge vya kitunguu saumu. Hiyo ni mimi, sio yeye."

Mzee Ochoki alifumba macho.

"Na ingine?" Millicent akauliza taratibu.

Mokeira hakujua nyingine. Kitandani, bila kufumbua macho, mzee akasema kwa Kiswahili hafifu, "Iko ya Duke. Ya Wachina. Kwa kopo."

Wakamlaza, wakasimamisha vidonge vyake, wakamchoma sindano ya kuirudisha damu katika uzito wake, wakamwongezea na damu ya mtu mwingine. Mokeira alikaa kwenye benchi la ukumbini na matone ya damu yakiwa yamekauka kwenye gauni lake la Sabato. Alilia hapo. Alilia kwa hofu kwamba mzee atakufa, na kwa hofu nyingine, ya aibu kuisema, kwamba atapona na itabidi warudi nyumbani pamoja.

Mzee alipopata nafuu, Millicent alikuja akaketi karibu na Mokeira.

"Hivyo vitu vyako vya kitunguu, labda peke yake hangedhurika. Hizo za Wachina, labda. Ya mizizi hata sijui iko na nini ndani, na huyo anayeuza pia hajui. Lakini zote na hii yangu juu yake..." Akatafuta namna ya kusema. "Ni kama gari imekwama kwa matope. Mmoja anasukuma, wa pili, wa tatu, kila mtu kidogo tu. Gari ikitoka inateremka, na hakuna mtu ako kwa usukani."

"Walisema ni ya asili," Mokeira akasema.

"Ndio. Na inafanya kazi. Hiyo ndio shida. Na huo mkojo tutauangalia pia, iko na dawa yake. Angesema tu."

Mokeira alitaka kumweleza chinsoni ni nini. Alifikiri ni maneno mangapi yangehitajika, akaacha.

Mzee alipona, nao wakarudi pamoja. Kama kuna ukimya mzito kuliko ule uliokuwepo kabla, Mokeira hakuwahi kuubeba. Kabla, walikuwa wamenyamaza kwa heshima. Sasa mzee alikuwa amenyamaza kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kiti chake alikigeuza kikaelekea barabarani, mgongo jikoni. Uji aliuchukua Mokeira akishaondoka, si kabla. Angwenyi alikuja akanguruma uani kwamba zamani mwanamke kama huyo angerudishwa kwao achukue mbuzi wa kutakasa boma, na akasema hayo yote akidhani ananong'ona. Mzee hakumjibu, wala hakumkataza.

Orpah naye alikuja, ameumia. "Dada, unaambia watu dawa zangu ziliua mzee?"

"Mzee yuko hai, yule pale."

"Zangu hazina madhara. Ni za asili."

"Upupu pia ni wa asili, Orpah," Mokeira akasema, akamrudishia kopo lililobaki. Hakuwa na moyo wa ugomvi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeviweka vile vidonge kwenye kisosi kila asubuhi, kwa mkono wake, akitumaini kupumzika. Hilo lilimuuma kuliko ya Angwenyi.

Mvua zikaja, chai ikachipua kwa wingi, na hilo lilikuwa baya, maana chai ikinona ndipo mchumaji anapokonda. Mokeira aliingia shambani na mvua na kutoka na mvua. Mgongo ulianza kumshika kwenye kiuno, akawa anapanda kilima akisimama njiani, mkono kwenye goti. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Duke angetuma kifurushi.

Jioni moja alikuwa jikoni, ameinama kwenye moto wa kuni mbichi, aliposikia mtu akikohoa nje. Kikohozi cha mzee, kile cha kupiga hodi. Mokeira alinyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akasimama upande wa ndani. Mzee alikuwa amesimama uani, uso ameuelekeza kwa ng'ombe.

"Mama Cynthia," akasema.

Ilimchukua Mokeira muda kuelewa kilichokuwa tofauti. Mzee alikuwa anaongea Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha ujana wake, cha mashamba makubwa ya chai ya Kericho alikofanya kazi na watu wa makabila yote, kimeota kutu, kinatafuta maneno. Katika miaka yote ya kuishi boma moja hakuwahi kumsemesha kwa lugha hiyo.

"Ndio, Baba," akajibu kwa Kiswahili.

"Ile kitu ya mkojo. Imerudi. Kidogo." Akatoa chupa ya soda kwapani. "Angwenyi ameleta chupa ingine. Hii hapa." Akainama, akaiweka kwenye jiwe la kunolea panga, akarudi nyuma hatua moja kana kwamba ingemrukia. "Sijakunywa. Nimesema nikuulize. Uulize yule msichana wa hospitali kama naweza kuchanganya, ama hapana."

"Tutaenda kesho, Baba. Tutaibeba aione."

"Na utamwambia wewe. Mimi nitakuwa hapo, lakini utasema wewe."

"Nitasema."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Mokeira alidhani yameisha, akageukia moto. Lakini mzee hakuondoka. Alimtazama ng'ombe kwa muda, akaweka mikono nyuma.

"Na wewe," akasema. "Huo mgongo. Nimeona vile unapanda. Unasimama, unashika goti." Sauti ikawa ndogo zaidi. "Kesho umwambie na yako pia. Usinyamaze kama mimi."

Halafu akaenda zake, pole pole, akipita mbali na mlango kama desturi inavyotaka.

Mokeira akabaki amesimama. Macho yalimwasha, akasingizia kuni mbichi. Sufuria lilikuwa linachemka na unga ulikuwa bado haujatiwa. Akavuta kigoda, akaketi, akaacha maji yachemke.